Tani Moja ya Tangazo: Somo la Uzito wa Pikapu na Tela



Katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kununua pikapu moja ya chama pamoja na tela lake, ili msimu wa karafuu usitukute tena tukigombania magari ya kukodi. Bei imekwisha kuzungumzwa sana, na hata rangi, lakini swali moja halijaulizwa na mtu: gari hilo litabeba kiasi gani? Wengi wetu tumekwisha kujijibu mioyoni kwamba litabeba tani moja, kwa kuwa ndivyo wasemavyo wauzaji. Somo letu la mwezi huu ni juu ya tani hiyo moja.

Mifano yetu tutaichukua Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Pemba ina vilima vingi lakini vifupi, na kilima kifupi humficha mtu kosa lake. Mlima ule haufichi kitu. Tena wakulima wenzetu wa kahawa walioko huko wamekuwa wakishughulika na mizigo ya pamoja tangu siku nyingi, maana chama chao kikuu, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Tulipofika huko kujifunza habari za ushirika tuliyatazama magari yao kwa makini kama tulivyoitazama kahawa yao, na mengi ya somo hili tuliyapata kando ya barabara.

Mji wa Moshi uko chini ya mlima, kwenye kiasi cha mita 800 hadi 900 juu ya bahari. Vihamba vya kahawa na migomba viko juu, Machame, Kibosho, Uru, Marangu, Rombo, na barabara za kufikia huko hupanda moja kwa moja. Kwa hiyo mizigo ya watu wa kule ina njia mbili. Inayoshuka ni ndizi, kahawa na maparachichi. Inayopanda ni saruji, mchanga, mabati, na pia majani na mabua ya mahindi kwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wa vihambani hufungwa zizini naye huletewa chakula kutoka tambarare.

Mgeni akiiona pikapu iliyobeba mabua hushtuka. Mzigo hupita juu ya kichwa cha gari kwa kimo cha mtu mzima, hufunika taa za nyuma, na huyumba kila penye kona. Nyuma yake huja pikapu nyingine ya namna ile ile, imebeba mchanga uliosawazishwa vizuri hadi ukingoni mwa bodi, wala hakuna anayeitazama mara mbili. Basi tufanye hesabu. Bodi yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 40 ina nafasi ya mita za ujazo 1.2. Mchanga mkavu una uzito wa kilo 1,600 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Bodi hiyo ikijaa kwa usawa, mzigo ni kilo 1,920, yaani karibu tani mbili, na ukinyeshewa na mvua huzidi. Pikapu ya mabua ina hatari yake, kwa kuwa mzigo ulio juu huweza kuipindua konani, lakini uzito wake huenda haufiki hata nusu ya ule wa mchanga. Jicho hupima ukubwa, uzito hauwezi.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Kila gari hutoka kiwandani na kikomo chake, na kikomo hicho huandikwa. Aghlabu hupatikana kwenye kibao cha chuma au karatasi iliyogandishwa, ama penye nguzo ya mlango wa dereva, ama chini ya boneti. Kwenye vibao vingi vya namna ya Ulaya mtaona safu nne za tarakimu. Ya kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na vyote vilivyomo, na mahali pengine huonyeshwa kwa herufi GVM. Ya pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Ya tatu ni kikomo cha ekseli ya mbele, na ya nne ni cha ekseli ya nyuma. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi yanayoletwa kwetu yakiwa yamekwisha kutumika, hayana kibao cha mpango huo, lakini kikomo cha mzigo kimo katika hati yake ya Kijapani, na mara nyingi huandikwa pia nyuma ya bodi. Wale wenye vigari vidogo vya Suzuki Carry, ambavyo watu wameviita kirikuu, watazame nyuma: tarakimu 350 ndizo kilo zake. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Kila mmoja wetu na ahesabu mwenyewe ni mifuko mingapi aliyopata kuiona juu ya kirikuu.

Uwezo wa kubeba haupatikani kwa kumwuliza dalali. Hupatikana kwa kutoa: uzito wa juu ulioandikwa, toa uzito wa gari likiwa tupu. Tuchukue tarakimu za mfano, zisizo za gari lolote maalumu ila zinakaribiana na za pikapu nyingi za milango minne. Gari tupu ni kilo 2,000. Uzito wa juu ni kilo 3,000. Kinachobaki ni kilo 1,000, na hapa ndipo ilipotoka ile tani moja ya tangazo.

Lakini tani hiyo ni ya kila kitu kisichotoka kiwandani na gari. Abiria ni mzigo. Watu watano wa kilo 70, pamoja na dereva, ni kilo 350. (Viwanda vingine huhesabu dereva katika uzito wa gari tupu, vingine havimhesabu, yafaa kuuliza.) Ngao ya chuma mbele, keria ya chuma juu, turubai na mabomba yake, tairi la akiba la pili, sanduku la spana, vyote ni mzigo, na gari lililopambwa sana huweza kupoteza kilo 150 kabla ya gunia la kwanza. Diseli nayo haielei hewani: lita 80 ni karibu kilo 67, ingawa viwanda vingi huihesabu pamoja na gari tupu.

Ndipo huja habari ya tela, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea.

Wauzaji husema, "Pikapu hii huvuta tani tatu na nusu." Maneno hayo huenda yakawa kweli. Kilo 3,500 ni kikomo kinachotajwa kwa pikapu nyingi kubwa za siku hizi, Toyota Hilux na nyinginezo. Ila ni kweli kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kikomo chake kwa pikapu hizo hizo kwa kawaida ni kilo 750, na hizo ni pamoja na tela lenyewe. Tela la chuma lililoungwa na fundi mtaani likiwa na kilo 300, mzigo uliobaki ni kilo 450. Matela mengi tuliyoyaona, kule na huku kwetu, ni mabomba, ekseli ya gari kuukuu na ubao, breki hayana.

Tena kuna ile tarakimu ya pili ya kibaoni, ya gari na tela kwa pamoja. Tuseme katika mfano wetu ni kilo 5,500. Anayetaka kuvuta kilo 3,500 kamili atoe 3,500 katika 5,500: zinabaki 2,000. Nazo kilo 2,000 ni uzito wa pikapu ikiwa tupu. Maana yake ni kwamba gari linaweza kuvuta tani tatu na nusu kama halina mzigo, halina abiria, na kwa hesabu kali halina hata dereva. Tangazo halikusema uongo. Lilitaja kila uwezo peke yake, nasi wasikilizaji tukavijumlisha.

Liko na jingine. Tela halifuati nyuma tu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kichwa chake hulalia ndoano ya gari. Uzito unaolalia hapo hutakiwa uwe karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela lote. Ukiwa mdogo mno, kwa sababu mzigo umewekwa nyuma ya magurudumu ya tela, tela huanza kuyumba mkia mara gari lishikapo kasi. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari hulemewa. Basi tela la kilo 2,500 hulalia ndoano kwa kilo 250, na hizo huhesabiwa katika mzigo wa pikapu. Turudi kwenye tani yetu: 1,000 toa watu watano 350, toa ndoano 250, zinabaki 400. Magunia manane ya kilo 50. Hapo hatujagusa ngao wala keria.

Wala kilo 250 za ndoano haziishii kuwa 250. Ndoano iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo gari huwa mfano wa mizani ya mkono: ukikandamiza nyuma, mbele hunyanyuka. Ikiwa toka ekseli hadi ekseli ni mita 3, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya mwisho, kilo 250 pale huinua kilo 100 kutoka magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma hupokea 350. Magurudumu ya mbele ndiyo yenye usukani, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Juu ya njia ya kupanda Kibosho, dereva wa gari la namna hiyo huuona usukani umekuwa mwepesi mkononi, akafurahi, kumbe magurudumu yanakaribia kuacha kushika udongo. Vivyo hivyo kwa mzigo mzito uwekwao mwisho wa bodi, khasa katika pikapu za milango minne ambazo bodi yake ni fupi na imesukumwa nyuma. Kilicho kizito kikae karibu na mgongo wa kabini.

Kupanda huitia injini taabu, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Lakini gari likishindwa kupanda husimama, nalo hilo ni hasara ya muda. Kushuka ni jambo lingine.

Lango la Marangu la kuingilia hifadhi ya mlima liko juu ya mita 1,800, na Himo, penye njia panda ya barabara kuu, iko chini yake kwa karibu mita 1,000. Gari la kilo 3,000 likishuka kimo hicho, uzito wake hugeuka kuwa joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha lita 95 hivi za maji ya mtungi, yaani madebe matano na zaidi. Likizidishiwa tani moja, yaongezeke karibu madebe mawili. Kiasi kidogo huchukuliwa na upepo na matairi. Kinachobaki ni lazima kiende kwenye injini au kwenye breki. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo, aghlabu ile ile ambayo angepandia, huiachia injini sehemu kubwa. Anayeshuka kwa gia kubwa, au akatoa gia ili aokoe mafuta, huyapeleka madebe yote kwenye breki nne zinazotosha kushikwa kwa viganja viwili. Zikipata moto mno hupoteza mshiko. Na kama mafuta ya breki ni ya zamani, yamekwisha kunywa unyevu wa hewa, huchemka, hutoa mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila kitu kutokea. Tela lisilo na breki likiwa nyuma, linasukuma muda wote huo.

Tulimwuliza fundi mmoja pale Moshi kwa nini hafungi springi za ziada kwa kila anayetaka. Alijibu kwamba hufunga, kwani ndiyo riziki yake, lakini kila mara humwambia mteja: "Nimekuinulia bodi, sikukuongezea breki." Tumeona jibu lile linatosha kwa wale wanachama waliopendekeza kwamba gari la chama liongezwe mapande ya springi likishafika. Springi nene huondoa dalili. Gari halichuchumai tena, na mwenye gari huamini limepata nguvu, hali ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, na chasisi ile ile ndiyo itakayopinda nyuma ya kabini baada ya miaka miwili.

Matairi nayo yana kikomo kilichoandikwa ubavuni, karibu na tarakimu za ukubwa wake. Ni namba ya siri kidogo: 95 maana yake tairi moja hubeba kilo 690, 104 ni kilo 900, na 112 ni kilo 1,120. Matairi mawili ya nyuma yenye 95 hubeba kilo 1,380 kwa jumla, pamoja na sehemu ya gari lenyewe iliyoko nyuma. Tairi la gari la kifahari likifungwa kwenye pikapu kwa kuwa lilipatikana rahisi, ndilo litakalokuwa kikomo cha gari zima, hata kibao kikisema nini. Na tarakimu hizo ni za tairi lililojazwa upepo wa kutosha.

Mtu anaweza kusema kwamba serikali ina mizani barabarani, nasi tukizidisha tutaambiwa. Kule Himo upo mzani, na malori hupanga mstari. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia mwaka 2019, huyahusu magari yenye uzito wa kilo 3,500 na kuendelea, nayo ilitungwa zaidi kwa ajili ya kuilinda barabara. Pikapu nyingi, kwa kikomo chake cha kiwandani, ziko chini ya hapo, hivyo hupita kando ya mzani. Hapana atakayempimia mwenye pikapu ila yeye mwenyewe.

Kwetu sisi kupima si kazi ngumu, kwani hapana mkulima wa karafuu asiyejua mizani. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuhesabu karafuu kavu. Karafuu mbichi kilo tatu hukauka zikawa kilo moja hivi. Kwa hiyo gari linaloshusha karafuu kavu mjini bila taabu, likitumwa kesho yake shambani kuchukua mapakacha ya karafuu mbichi kutoka katika mikarafuu ile ile, hukutana na uzito mara tatu. Makonyo ni kinyume chake, hujaza bodi kabla ya kuwa mzito. Na jioni, kazi ikiisha, wachumaji hupanda juu ya magunia. Watu kumi na wawili wa kilo 60 ni kilo 720, na wote wamekaa juu, mahali pabaya kabisa kwa gari linalokunja kona. Wengi wao ni vijana wetu na wake zetu. Kamati haitaki gari la chama litumike hivyo hata siku moja, na italeta kanuni hiyo mkutanoni iandikwe kabla gari halijanunuliwa.

Kwa ajili ya shauri lenyewe, tunawaomba wajumbe waje na maoni juu ya mambo haya. Kwanza, kama tunahitaji milango minne. Gari la mlango mmoja kila upande, lenye bodi ndefu, hubeba zaidi kwa kuwa limebeba kabini ndogo, na uzito wake hukaa mahali pazuri zaidi. Katibu na Mweka Hazina wanaweza kwenda mjini kwa daladala. Pili, tela. Fundi aliyeleta bei ya chini kabisa ametaja ekseli, bodi na rangi, lakini hakutaja breki. Tumemwandikia atupe bei ya tela lenye breki za kusukumwa, zile zinazojibana zenyewe pale tela linapolisukuma gari, na jibu lake litasomwa mkutanoni. Bila hizo, tela la chama litakuwa la kilo 750 pamoja na chuma chake, na yafaa tulinunue tukijua hivyo.

Kila mwanachama mwenye pikapu au kirikuu anaombwa aitazame nguzo ya mlango na nyuma ya bodi, aandike tarakimu azionazo pamoja na namba iliyo ubavuni mwa matairi, na alete karatasi hiyo ofisini kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Tutamfanyia hesabu ya kutoa na kumpa jibu kwa kilo na kwa magunia. Asiyekuta kibao alete kadi ya gari.